NANI AMEBAKI NYUMBANI JUMAPILI?

Wapenzi wanandoa, katika somo letu la leo tutazungumza juu ya kuwapokea watu wenye ulemavu katika jumuiya na parokia zetu. Huenda mkajiuliza: jambo hili linahusianaje na ukurasa wa ndoa? Linahusiana sana. Mlango wa kwanza ambao mtu mwenye ulemavu huupitia ili afike kanisani ni mlango wa nyumba ya baba na mama. Mlango huo ukifungwa, hata paroko akijenga kanisa lisilo na ngazi hata moja, mtu huyo hataonekana.

Tunawaomba msome somo hili wawili pamoja. Mmoja asome kwa sauti na mwenzake asikilize. Mwishoni kuna maswali ya kujadiliana.

ZAMU YA BABA, ZAMU YA MAMA

Hebu tuwafikirie baba na mama wa kigango kimoja kando ya ziwa, si mbali na Kisumu. Baba ni mvuvi, mama anauza omena sokoni. Walifunga ndoa kanisani, wakajaliwa watoto watatu. Mtoto wa tatu ni msichana wa miaka tisa. Hawezi kutembea wala kusema, na shingo yake haijakaza vizuri. Alipokuwa mdogo walikwenda naye Misani kama walivyokwenda na wale wengine. Siku moja akapiga kelele wakati wa mageuzo. Watu wakageuka kumtazama. Mzee mmoja wa kanisa hakusema neno baya. Alimwonyesha mama mlango kwa kidole tu. Mama akatoka nje na mtoto wake. Jumapili iliyofuata hakurudi naye.

Tangu siku hiyo wakaanza kwenda kwa zamu. Jumapili hii baba anakwenda na mama anabaki na mtoto. Jumapili ijayo mama anakwenda na baba anabaki. Mwaka wa kwanza zamu ilifuatwa vizuri. Mwaka wa pili baba akaanza kulala Jumapili, maana usiku amekuwa ziwani. Mwaka wa tatu mama naye akasema moyoni, "Nisipokwenda, nani ataniuliza?" Na kweli hakuna aliyemwuliza. Jumuiya ilipokuwa ikipanga nyumba za kusalia, nyumba yao ilirukwa. Ilirukwa kwa nia njema kabisa: "Tusiwasumbue wale, tayari wana mzigo."

Wanandoa hawa hawakugombana na Kanisa. Walitengana nalo polepole, kama mtumbwi uliofunguka kamba usiku. Na kuna jambo la pili walilopoteza bila kujua: kwa miaka mitatu hawakupiga magoti wakiwa bega kwa bega. Mume na mke ambao hawasali tena pamoja huanza kuzungumza juu ya unga, karo na dawa tu. Halafu siku inafika ambapo hata hayo hayazungumzwi.

LAWAMA HUVUNJA NYUMBA

Jioni moja mama alisema, "Baba watoto, mama yako amerudia tena. Anasema kwao hakujawahi kuonekana mtoto wa namna hii."

Baba akaendelea kushona wavu wake. Baadaye akajibu, "Wewe unataka nimwambie nini mama yangu?"

Angalieni jibu hilo. Hakumlaumu mke wake, lakini pia hakumtetea. Katika nyumba nyingi za kwetu, mtoto akizaliwa na ulemavu, watu hutafuta mkosaji. Wengine husema ni chira, kwamba mwiko fulani umevunjwa. Wengine husema mama alitembea ovyo, au kwao kuna laana. Mara nyingi kidole humwelekea mwanamke. Ndiyo sababu baba wengine huondoka, wakaoa kwingine, na mama akabaki peke yake na mtoto mgongoni.

Someni Injili ya Yohane sura ya 9. Wanafunzi wa Yesu walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, nao wakauliza swali hilo hilo la kwetu: nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? Bwana alikataa yote mawili. Hakuwaachia hata nafasi ndogo ya kuwahukumu wazazi wale. Basi Mkristo anayesema mtoto huyu ni adhabu anasema kinyume cha Mwalimu wake.

Hata waganga wa hospitali watawaambia kwamba sababu ni nyingi. Mtoto akichelewa kulia wakati wa kuzaliwa, ubongo wake hukosa hewa na huweza kuumia. Malaria kali inayopanda kichwani, ambayo sisi wa kando ya ziwa tunaijua sana, humwacha mtoto mwingine na kifafa, au na mkono na mguu usio na nguvu. Homa ya uti wa mgongo huweza kumfanya mtoto awe kiziwi. Polio iliwaacha wengi na miguu iliyodhoofika kabla chanjo haijaenea. Ugonjwa wa selimundu, ambao upo kwa wingi katika sehemu zetu, huweza kuleta kiharusi hata kwa mtoto mdogo. Na selimundu hairithiwi kutoka upande mmoja tu. Mtoto huipata pale ambapo baba na mama wote wawili wamebeba chembe zake, ingawa wao wenyewe ni wazima. Na kila mimba huwa na nafasi moja katika nne ya kupata mtoto mgonjwa. Sasa hapo utamlaumu nani?

Wahenga wametuachia neno fupi: hujafa hujaumbika. Ajali moja ya bodaboda njiani Kondele yatosha kumfanya kijana mwenye nguvu atembee kwa magongo. Tusimcheke mtu kwa hali ambayo kesho yaweza kuwa yetu.

Baba mpendwa, mama yako mzazi anastahili heshima. Mwamkie, mletee samaki, mtunze. Lakini mke wako akishutumiwa bure, ni wajibu wako kusema kwa upole na bila kuyumba: "Mama, mtoto huyu ni wangu na wake. Mungu ametupa sote wawili." Hapo umemheshimu mama yako na umeilinda ndoa yako.

MLANGO ULIZIBWA NA WASIKILIZAJI

Sasa twende kanisani. Someni Injili ya Marko 2:1-12. Watu wanne walimleta rafiki yao aliyepooza, wakashindwa kuingia kwa sababu ya umati, wakafungua dari na kumshusha mbele ya Yesu.

Mara nyingi tunawasifu wale wanne, na ni haki. Lakini je, tumewahi kujiuliza ni nani waliouziba mlango? Hawakuwa maadui wa Yesu tu. Wengi walikuwa watu waliokuja kusikiliza Neno la Mungu. Walikuwa wamempa mgonjwa mgongo kwa sababu macho yao yalikuwa kwa Bwana. Inawezekana kabisa kusali vizuri, kuimba vizuri, na huku tumeuziba mlango. Mzee yule aliyemwonyesha mama mlango kwa kidole alifikiri anailinda Misa.

Fanyeni hesabu ndogo. Katika sensa ya mwaka 2019, zaidi ya Wakenya 900,000 wenye umri wa miaka mitano na zaidi walihesabiwa kuwa na ulemavu, yaani watu 2.2 kwa kila 100. Kama Misa yenu huhudhuriwa na watu 1,000, mngetazamia kuwaona kama 20. Jumapili ijayo hesabuni. Mkiwaona watatu, basi ulizeni: wengine 17 wako wapi?

Wengine wataleta udhuru: "Sisi tunawasaidia. Kila Krismasi tunawapelekea unga na sukari." Ni vizuri. Lakini someni Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 9. Mfalme Daudi alimtafuta Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, ambaye alikuwa kilema wa miguu yote miwili. Hakumpelekea chakula huko alikojificha. Alimrudishia shamba la ukoo wake na kumpa kiti mezani pake kila siku, kama mmoja wa wana wa mfalme. Kupelekewa chakula na kupewa kiti mezani ni mambo mawili tofauti. Mwaka 1985, Kongamano la 43 la Ekaristi la Kimataifa lilifanyika Nairobi, na mada yake ilikuwa Ekaristi na familia ya Kikristo. Meza ya Bwana ni meza ya familia. Ni familia gani inayokula huku mtoto mmoja amefungiwa chumbani?

YALIYOKWISHA KUFANYIKA KWETU

Tusijidharau. Kanisa la sehemu hizi lilianza kazi hii zamani. Shule za viziwi za Nyang'oma, upande wa Bondo, na Mumias zilianzishwa mwaka 1961. Kule Aluor ipo shule ya Mtakatifu Oda kwa watoto wasioona. Nyabondo, juu ya mlima wa Nyakach, kuna kituo cha kuwahudumia watoto wenye ulemavu wa viungo. Ndugu zetu wa Jeshi la Wokovu nao wana shule ya Joyland mjini Kisumu. Watoto wengi waliopita mahali hapo leo ni walimu, mafundi, na wazazi wenye nyumba zao.

Lakini hapa kuna jambo la kuzingatia. Mzazi humpeleka mtoto kiziwi shule ya bweni, akafundishwa ishara, akapata marafiki. Likizo ikifika anarudi nyumbani, na hakuna hata mmoja anayeweza kuongea naye. Baba humwita kwa kumgusa bega na kumwonyesha jembe. Mama humwonyesha sahani. Kwa siku thelathini mtoto huishi kama mgeni katika nyumba ya wazazi wake. Jumapili hukaa kanisani saa mbili akitazama midomo ikifunguka na kufungwa.

Kwa miaka mingi hata katika shule nyingi za viziwi nchini mtoto alilazimishwa kujifunza kusema kwa mdomo, na ishara zilidharauliwa. Leo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataka Lugha ya Ishara ya Kenya ikuzwe, na imeifanya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Kama ishara zimekubalika Bungeni, mbona zisikubalike mezani kwetu? Bwana Yesu mwenyewe, alipoletewa kiziwi, alimtenga na umati, akamgusa masikio na ulimi, ndipo akasema Effatha (Mk 7:31-37). Alianza na lugha ambayo mtu yule aliweza kuielewa.

SAKRAMENTI SI ZAWADI YA WENYE AFYA TU

Wazazi wengi hawajui kwamba Kanisa limeyaandika mambo haya wazi katika Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983. Tuyataje machache, ili mkimwendea paroko muende na ujasiri na heshima.

Kanuni ya 777 inamwagiza paroko ahakikishe kwamba hata wenye ulemavu wa mwili au wa akili wanafundishwa dini kadiri ya uwezo wao. Basi mtoto wa miaka tisa asiyesema asihesabiwe kuwa hana haja na katekista.

Kanuni ya 925 inaruhusu, pale inapolazimu, Komunyo Takatifu itolewe kwa umbo la divai peke yake. Huu ni msaada mkubwa kwa mgonjwa asiyeweza kumeza kitu kigumu. Zungumzeni na padre kabla ya Misa, si wakati mko kwenye mstari.

Kanuni ya 990 inaruhusu mtu aungame kwa msaada wa mkalimani, na mkalimani huyo anafungwa na siri kama inavyoagiza kanuni ya 983. Kiziwi asiambiwe kwamba hakuna kitubio chake.

Tena Mwongozo wa Katekesi uliotolewa Roma mwaka 2020 unafundisha kwamba mtu asinyimwe sakramenti kwa sababu ya ulemavu wake. Mtoto anayenyamaza mbele ya Ekaristi, anayeonyesha kwa macho au kwa tabasamu kwamba anajua huu si mkate wa chai, huenda anajua zaidi ya sisi tunaotafuna huku tukitazama saa.

Jambo moja zaidi. Ulemavu si ugonjwa unaohitaji kuombewa kila mara. Wapo watu ambao, wakimwona mwenye magongo, humkimbilia, humwekea mikono kichwani na kumwamuru atupe magongo yake. Mtu amekuja kusali, anageuzwa kuwa tamasha. Mwamkieni kwanza. Mwulizeni habari za nyumbani. Akitaka maombi, atasema.

MKWE MWENYE MAGONGO

Sasa tuseme kijana wenu anamleta nyumbani mchumba wake, naye anatembea kwa magongo. Au binti yenu anataka kuolewa na fundi asiyesikia. Wazazi wengi walio wakarimu kanisani hubadilika siku hiyo. "Nani atachota maji?" mama anauliza. "Watu watasema nini?" baba anauliza.

Maji yana njia nyingi za kufika nyumbani: mkokoteni, punda, bomba, hata huyo kijana wenu mwenyewe, ambaye ana mikono miwili. Ndoa ya Kikristo hujengwa juu ya ridhaa ya watu wawili walio huru, wala haijengwi juu ya mtungi. Kanuni ya 1104 inasema maharusi waitoe ridhaa yao kwa maneno, na wasioweza kusema waitoe kwa ishara zenye maana hiyo hiyo. Kanuni ya 1106 inaruhusu ndoa ifungwe kwa msaada wa mkalimani, ilimradi paroko awe na hakika kwamba ni mwaminifu. Kwa hiyo maharusi wawili viziwi wanaoahidiana kwa mikono yao mbele ya padre na mashahidi wamefunga ndoa kamili.

Yale mtakayouliza kuhusu mkwe huyu yawe yale yale mnayouliza kuhusu mkwe yeyote: Je, anasali? Je, ni mwaminifu? Je, ana heshima na hasira yake anaitawala? Mwenye miguu miwili mizima akikosa hayo, atawaletea machozi mengi.

MAMBO YA KUANZA WIKI HII

1. Nendeni wote. Kama mna mtoto mwenye ulemavu, acheni zamu. Keti karibu na mlango wa pembeni ili, akichoka, mmoja wenu atoke naye kidogo kisha arudi. Kutoka na kurudi si aibu.

2. Ombeni zamu ya jumuiya nyumbani kwenu. Nanyi majirani, msiiruke nyumba hiyo. Mwulizeni mama: "Jumamosi tuje kwako? Chai tutaleta sisi."

3. Jipeni mikono. Jumuiya moja ikitoa watu wawili tu kila Jumapili kusukuma kiti cha magurudumu au kumshika mkono asiyeona, kazi imekwisha. Asiyeona hasukumwi wala havutwi. Mpe kiwiko chako akishike, nawe utangulie nusu hatua.

4. Tazameni jengo. Ngazi yenye kimo cha sentimeta 15 inahitaji mteremko wa urefu wa sentimeta 180 hivi ili kiti kipande bila hatari. Hiyo ni mifuko michache ya saruji na siku moja ya fundi. Baraza la parokia likisema fedha hakuna, wanandoa kumi wanaweza kuchangishana.

5. Jifunzeni ishara kumi. Mwanafunzi kiziwi akija likizo, mfanyeni mwalimu wenu. Anzeni na "karibu", "amani", "asante", "Mungu", "nakupenda". Wakati wa kupeana amani ya Kristo, mtamwona akiwa mtu mwingine.

6. Tengenezeni ulimi. Kiswahili chetu huwaweka kipofu, kiziwi na kilema katika kundi moja la ki- na vi- pamoja na kiti na vikapu. Tuseme basi mtu asiyeona, mtu asiyesikia, mtu mwenye ulemavu. Na vizuri zaidi, mwiteni kwa jina lake la ubatizo.

7. Tafuteni msaada mapema. Vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalumu, vinavyojulikana kama EARC, vilianza nchini mwaka 1984, na ofisi ya elimu itawaelekeza. Hospitali kuu ya Jaramogi, ambayo wengi wetu bado tunaiita Russia, ina wataalamu wa mazoezi ya viungo. Mwandikisheni mtoto pia katika Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu. Imani na kliniki hazigombani.

TURUDI KWA BABA NA MAMA WETU

Tuseme sasa kwamba jirani mmoja na mke wake wamesoma somo hili. Wanakwenda kwa yule mvuvi. Hawaanzi na mahubiri. Jirani anasema, "Ndugu, Jumapili tutapita hapa saa mbili kasorobo. Mimi na wewe tutabeba kiti, wake zetu watabeba vitabu." Mvuvi anasita. "Na akipiga kelele?" Jirani anajibu, "Basi atakuwa amepiga kelele. Wanangu nao walipiga."

Hatuwaahidi kwamba mtoto hatapiga kelele. Pengine atapiga wakati ule ule wa mageuzo, na pengine mtu atageuka. Lakini safari hii akigeuka ataona watu wanne wameketi pamoja na mtoto huyo, wala si mama mmoja mwenye aibu. Ni vigumu sana kuwaonyesha watu wanne mlango kwa kidole.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni lini mara ya mwisho sisi wawili tulisali kanisani tukiwa pamoja? Nini kilituzuia?
2. Je, tumewahi kumlaumu mwenzetu, au kunyamaza alipolaumiwa, kwa ajili ya mtoto wetu?
3. Katika jumuiya yetu, ni nyumba gani ambayo hurukwa? Kwa nini?
4. Kama mtoto wetu angemleta mchumba mwenye ulemavu, tungesema nini mbele yake? Tungesema nini akiondoka?

AZIMIO

Wiki hii chagueni mtu mmoja au nyumba moja. Andikeni jina hilo mahali mtakapoliona. Mtembeleeni kabla ya Jumapili, ninyi wawili pamoja.

SALA YA WANANDOA

Ee Bwana Yesu, uliwapokea wote walioletwa kwako, na wale ambao hawakuwa na wa kuwaleta uliwatafuta mwenyewe. Utusamehe kila mara tulipouziba mlango wako tukidhani tunakusikiliza. Uibariki mikono yetu miwili iwe minne, na nyumba yetu iwe njia ya kufika kwako. Uwape nguvu wazazi waliochoka usiku huu. Na Jumapili ijayo, utukute sote. Amina.